Mwongozo kamili wa kupanga siku ya akika na kumpa mtoto jina

Familia nyingi hazikosi siku ya saba ya akika, yaani ya kumchinjia mtoto mchanga, kwa kukosa mbuzi. Huikosa kwa kuhesabu. Mtoto amezaliwa Jumatatu usiku. Baba anaanza kuhesabu Jumatatu, bibi anaanza Jumanne, shangazi wa Tanga keshakata tiketi ya basi la Jumatano kwa kuwa yeye anasema saba haziwi saba mpaka zipite zote. Mbuzi anachinjwa siku ya mvutano, na ukimuuliza yeyote pale ni siku ya ngapi, anamnyooshea mwenziwe kidole.

Mwongozo huu ni wa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika Pwani ya Afrika Mashariki. Mwenye madhehebu mengine atafaidika na mpangilio, ila hesabu na masharti ya mnyama ayachukue kwa sheikh wake.

Kabla hujaanza, shika jambo moja: jina, kuchinja na karamu ni mambo matatu. Sunna imeweka jina, kuchinja na kunyoa nywele katika siku ya saba. Turubai, maulidi na wageni mia mbili tumeviongeza wenyewe, na si vibaya, lakini havina siku yake. Ukivitenganisha vitu hivi kichwani, karibu kila tatizo utakalolikuta hapa chini litalegea.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kadi ya kliniki au karatasi ya kuruhusiwa hospitali yenye tarehe na saa ya kuzaliwa
- Ratiba ya nyakati za swala ya mji aliozaliwa mtoto, si ya mji mnaokaa
- Kalenda yenye miezi ya Kiislamu
- Jina moja mlilokubaliana baba na mama, na la pili la akiba
- Namba ya simu ya muuza mbuzi na ya mchinjaji
- Wembe mpya na mfuko mdogo wa kuwekea nywele
- Bajeti iliyoandikwa, japo kwa penseli

## Hatua ya 1: Pata saa halisi ya kuzaliwa

Usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyekuwa nje ya wodi. Yeye anakumbuka saa aliyopigiwa simu, si saa mtoto aliyotoka, na baina ya hizo mbili Magharibi inaweza kuwa imeingia. Tazama karatasi. Kama saa haikuandikwa, muulize mkunga mapema kabla hajabadilisha zamu na kusahau.

Hospitali huandika saa kwa mtindo wa 24. Wengi huisoma haraka na kukosea. Fanya hivi:

- Kuanzia 00 hadi 06, ongeza 6. Kwa hiyo 03:20 ni saa tisa na dakika ishirini usiku.
- Kuanzia 07 hadi 18, ondoa 6. Kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi.
- Kuanzia 19 hadi 23, ondoa 18. Kwa hiyo 21:00 ni saa tatu usiku.

Angalia pia tarehe. Hospitali hubadilisha tarehe saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa dakika kumi kabla ya saa sita usiku na aliyezaliwa dakika kumi baada yake wana tarehe mbili tofauti kwenye kadi, ilhali kwa hesabu ya akika wamezaliwa usiku mmoja.

Saa inayotazamwa ni ile mtoto alipotoka mwili mzima. Uchungu kuanza adhuhuri hakubadilishi kitu ikiwa mtoto katoka baada ya Magharibi. Pacha nao kila mmoja ana saa yake, na kila mmoja ana akika yake.

Umemaliza hatua hii ukiwa na sentensi moja kwenye daftari, kwa mfano: "Amezaliwa Jumatatu tarehe 4 Mei 2026, saa tatu usiku, Dar es Salaam."

## Hatua ya 2: Tazama kama ni kabla au baada ya Magharibi

Siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa sababu simu na kadi za hospitali hazijui hilo.

Dar es Salaam na Zanzibar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa kumi jioni hana utata, na wa saa mbili usiku hana utata. Wenye utata ni wa ile nusu saa ya katikati, na hao ndio unaowafungulia ratiba ya swala ya tarehe ileile.

Mlioko mbali na ikweta, msitumie mazoea ya nyumbani. London mwishoni mwa Juni Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, hivyo mtoto wa saa mbili usiku kazaliwa mchana kwa hesabu hii. Desemba mjini humohumo jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Muscat, Desemba, jua limeshazama kabla ya saa kumi na mbili. Tumia ratiba ya huko alikozaliwa mtoto hata kama mbuzi atachinjwa Mombasa.

Andika mojawapo: "kabla ya Magharibi" au "baada ya Magharibi". Usiendelee na hatua ya tatu bila neno hilo.

## Hatua ya 3: Hesabu siku ya 7, ya 14 na ya 21

Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, aliyoipa uzito Imam Nawawi, ni kwamba katika akika siku ya kuzaliwa inahesabiwa. Aliyezaliwa mchana, siku yake ya kwanza ni siku hiyohiyo. Aliyezaliwa usiku, siku yake ya kwanza ni mchana unaofuata usiku ule.

Ukishaipata siku ya kwanza, ongeza 6 upate ya saba. Ongeza 13 upate ya kumi na nne. Ongeza 20 upate ya ishirini na moja. Usihesabu kwa vidole watu wakiwa wanaongea.

Mifano mitatu ya Mei 2026:

Mtoto wa kwanza kazaliwa Jumatatu tarehe 4 saa nne asubuhi. Siku ya kwanza ni Jumatatu hiyohiyo. Ya saba ni Jumapili tarehe 10, ya kumi na nne Jumapili tarehe 17, ya ishirini na moja Jumapili tarehe 24.

Mtoto wa pili kazaliwa Jumatatu tarehe 4 saa tatu usiku. Huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 5. Ya saba ni Jumatatu tarehe 11, kisha tarehe 18, kisha tarehe 25.

Mtoto wa tatu kazaliwa saa tisa na dakika ishirini usiku, na kadi inasema tarehe 5. Kwa hesabu yetu ni usiku uleule wa mtoto wa pili. Siku ya saba ni Jumatatu tarehe 11.

Sasa unaona jinsi ya kujisahihisha bila kalenda. Siku ya saba huwa ni siku ya wiki inayotangulia ile siku ya kwanza. Siku ya kwanza ikiwa Ijumaa, ya saba ni Alhamisi. Ukipata jibu linaloangukia siku ileile ya wiki, umehesabu nane.

Onyo: Imam Malik, mwenye madhehebu mengine, yeye hahesabu siku ya kuzaliwa ikiwa mtoto katoka baada ya Alfajiri, na ndiyo maana utasikia ustadhi mmoja anasema Jumapili na mwingine Jumatatu, wote wakiwa na hoja. Chagua mmoja wa kumfuata kabla mtoto hajazaliwa. Kuchanganya hesabu mbili ndani ya nyumba moja ndiko kunakozaa ule ugomvi wa baba na bibi.

Siku ya 14 na ya 21 ni za akiba kwa aliyekosa ya saba. Zimepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, na wanazuoni wengi wamezipendekeza. Zikikosekana zote, akika haijafa. Tutalifikia hilo mwishoni.

## Hatua ya 4: Pima siku hizo na afya ya mama na mtoto

Siku ya saba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida huenda anatembea, lakini bado anatoka damu, hajalala vizuri, na maziwa yanamjaa. Aliyefanyiwa upasuaji bado ana kidonda kibichi. Kumkalisha kitandani kwa nguo ya shughuli tangu asubuhi, kila mgeni akimwinamia kumpa mkono, ni mateso tunayoyaita heshima.

Hapa ndipo kutenganisha mambo matatu kunapolipa. Mbuzi anaweza kuchinjwa siku ya saba mama akiwa amelala chumbani au hata wodini. Akika haihitaji yeye awepo, wala mtoto. Jina linatajwa. Nyama inapikwa na kugawiwa. Karamu inasogezwa hadi mama apate nguvu.

Kuna fikra iliyoenea kwamba akika haifai mpaka mama atwaharike nifasi, yaani damu ya uzazi, ndiyo maana wengi husubiri arobaini. Nifasi inamzuia swala na funga. Haimzuii kushika mtoto, kula, kupokea wageni wala kuitikia dua. Akika ya arobaini inajuzu. Usiipange tu kwa sababu hiyo, na usimwache mtoto siku arobaini akiitwa "mtoto".

Fuata pia kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, siku ya 2 hadi ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Hudhurio la tatu mara nyingi hugongana na akika. Nendeni kliniki kwanza, halafu pangeni karamu.

Mambo ya kuzingatia siku yenyewe:

- Wembe uwe mpya na mnyoaji awe mtu mwenye mkono mtulivu. Utosini mfupa haujafunga, asikandamize.
- Mtoto njiti, au mwenye jeraha kichwani, asinyolewe mpaka daktari aseme. Kuchinja hakumsubiri.
- Udi na ubani vifukizwe sebuleni au uani, si chumba alicholala mtoto. Mapafu yake ni machanga.
- Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kwa ncha ya kidole.
- Chumba cha mama kiwe na mlinzi. Shangazi mkali anafaa kuliko mlango wenye kufuli.

Mtoto akiacha kunyonya, akipata homa, akipumua kwa kasi au akiwa wa manjano, au mama akitokwa na damu nyingi, homa au kichwa kikali, mpeleke hospitali na uache sufuria jikoni. Wageni watakula hata mwenye nyumba asipokuwepo.

Hatua hii imekamilika mama mwenyewe anaposema siku gani anaiweza, na watu wakamsikiliza.

## Hatua ya 5: Pitisha siku hizo kwenye kalenda ya watu

Siku ya kazi. Siku ya saba ikiwa Jumanne, usiihamishie Jumapili kwa sababu ya wageni. Chinja Jumanne asubuhi, pika chakula cha nyumba na majirani, peleka sehemu kwa masikini, kisha Jumapili fanya kisomo na pilau ya nyama ya kununua. Ni nafuu pia, maana mbuzi mmoja hatoshi wageni wa Jumapili.

Ijumaa. Ni siku nzuri, ila panga chakula baada ya swala ya Ijumaa. Ukiwaita watu saa tano, wanaume watakuja saa nane na wali umeshashikana.

Ramadhani. Siku ya saba haifutiki kwa kufunga. Chinja asubuhi, pika alasiri, na chakula kiwe futari. Wengi huona hii ni hasara kwa kuwa hakuna karamu ya mchana. Mimi naona ndiyo akika rahisi kuliko zote, kwani wageni wanakuja kwa wakati mmoja na kuondoka kwenda Tarawehe.

Karibu na Idd el-Hajj. Bei ya mbuzi hupanda. Rudi kwenye mfano wetu: siku ya ishirini na moja ya wale watoto ni tarehe 24 na 25 Mei 2026, na Idd hiyo inatarajiwa karibu na tarehe 27, kutegemea mwezi kuandama. Anayesubiri ya ishirini na moja kwa kukosa pesa atakuta mbuzi ghali kuliko alipokuwa siku ya saba. Je, mbuzi mmoja anaweza kuwa udhuhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idd hiyo, na akika kwa pamoja? Mashafii wenyewe wamekhitilafiana: Ramli ameona inawezekana, Ibn Hajar al-Haytami amekataa. Muulize sheikh wako kabla ya kununua.

Msiba. Kukiwa na msiba mpya kwenye ukoo, chinja kimya, gawa nyama, ahirisha shughuli. Hakuna atakayekulaumu.

Safar na nyota. Kuna nyumba hazifanyi jambo la furaha mwezi wa Safar, na zaidi Jumatano yake ya mwisho. Wengine humpelekea mtu wa falaki jina la mtoto na la mama awapigie hesabu ya siku njema. Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim imekanusha nuksi ya Safar kwa jina lake. Anayeiacha siku ya saba kwa ajili ya nyota ameacha lililothibiti akashika lisilothibiti. Lakini bibi akishikilia, usibishane naye mbele ya watu. Chinja siku ya saba, halafu karamu iwe mwezi mwandamo wa pili. Bibi hana ugomvi na mbuzi. Ugomvi wake ni na turubai.

## Hatua ya 6: Panga mnyama na mfuko

Mtoto wa kiume ana mbuzi wawili na wa kike mmoja. Kwa Mashafii mbuzi mmoja kwa mtoto wa kiume anatimiza asili ya sunna, wawili ndio ukamilifu. Usikope ili ufikishe wawili.

Mnyama awe na sifa za mnyama wa udhuhiya. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, kondoo mwaka mmoja. Asiwe chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda hadi mifupa. Muuzaji atakwambia umri wowote unaoutaka, kwa hiyo mfungue mbuzi mdomo wewe mwenyewe. Mbuzi wa miaka miwili anakuwa na meno manne mapana ya mbele, si yale madogo membamba ya utoto. Asiyeweza kusoma meno aende na mzee anayeweza.

Nunua siku mbili au tatu kabla. Ukinunua wiki nzima mapema bila banda, utamlisha maganda ya ndizi mpaka akonde au augue. Ukinunua asubuhi ya siku yenyewe, huna nafasi ya kumkataa mwenye chongo. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mnada wa Pugu na soko la Vingunguti ndiko wengi wanakokwenda. Fika asubuhi, na malipo ya usafiri wa mbuzi yaulizie kabla hujalipia mbuzi.

Pesa ya mnyama itoke kwa baba au mwenye kumlea mtoto, kutoka mali yake mwenyewe. Hili linasahauliwa kuliko yote. Wageni wanapokuja kumwona mtoto wanamtunza pesa, na jioni pesa hizo hulipia deni la mbuzi. Zile ni mali ya mtoto, na walii, yaani msimamizi wake, haruhusiwi kumfanyia akika kwa mali ya mtoto mwenyewe. Ziweke kando, zina kazi yake.

Nywele: baada ya kuchinja mtoto hunyolewa, wa kiume na wa kike sawasawa, na sadaka hutolewa fedha, ile ya madini, yenye uzito wa nywele zake. Imepokewa kwamba Bibi Fatma alifanya hivyo kwa Hasan na Husein. Mzani wa duka la sukari hauwezi kupima kitu chepesi namna hiyo. Ziweke kwenye mfuko safi, zipeleke kwa sonara, naye atakwambia uzito na bei ya fedha siku hiyo. Kiasi huwa kidogo mno. Asiyekuwa na sonara karibu akadirie na azidishe.

Utajua umefika ukiwa na mnyama uliyemwona kwa macho, mchinjaji aliyekubali saa, na pesa isiyo ya mkopo.

## Hatua ya 7: Tangaza siku na uifuate ratiba

Tuma ujumbe mmoja kwa watu wote, wenye siku ya wiki, tarehe na saa kwa pamoja. "Akika ya mtoto wetu ni Jumapili tarehe 10 Mei 2026, chakula saa saba mchana." Usiandike "usiku wa Jumapili" peke yake. Mzee wa Lamu ataelewa Jumamosi baada ya Magharibi, kijana wa Kariakoo ataelewa Jumapili yenyewe, na wote wana haki. Andika "Jumamosi jioni kuamkia Jumapili".

Ratiba inayofanya kazi nyumbani kwa mtu wa kawaida:

1. Baada ya jua kuchomoza: kuchinja. Ndio wakati uliopendekezwa, na jua halijawa kali kwa nyama. Mchinjaji anuie, ataje jina la Allah na kusema hii ni akika ya fulani mtoto wa fulani. Kwa hiyo jina lazima liwe limeshaamuliwa saa hii. Mchinjaji akiuliza "akika ya nani?" na watu wakatazamana, mmechelewa.

2. Saa mbili hadi tatu: kunyoa. Mtoto awe amenyonya na kushiba. Fungeni madirisha.

3. Kuchambua nyama. Inapendekezwa mifupa isivunjwe bali ikatwe kwenye viungo. Mwambie mchinjaji mapema, kwa sababu mkono wake umezoea shoka. Mguu mmoja hupelekwa kwa mkunga ukiwa mbichi. Akiwa ni wa hospitali, mpelekee palepale kazini na utaona furaha yake.

4. Saa nne hadi saba: kupika. Nyama ya akika kupikwa ni bora kuliko kugawiwa mbichi, tofauti na udhuhiya. Wenye kufuata sunna zaidi hutia kitu kitamu. Sehemu ya masikini itoke jikoni kabla ya sinia la kwanza la wageni, la sivyo itatoka makombo.

5. Baada ya Adhuhuri: chakula, dua na kutaja jina mbele ya watu. Maulidi yakiwepo, yawe baada ya Alasiri na yasivuke Magharibi kama mama hajapata nguvu.

Kuhusu jina lenyewe, hakuna ubaya kulitaja tangu siku ya kwanza. Katika Sahihi ya Muslim, Mtume alisema amezaliwa kwake mtoto usiku ule na amempa jina la baba yake Ibrahim. Kwa hiyo babu anayekataza jina lisitajwe kabla ya siku ya saba anafuata mazoea yake. Mheshimu, lakini jueni.

## Hatua ya 8: Jina liingie kwenye cheti

Akika ikishapita, watu hulala. Tazama muda wa serikali.

Tanzania Bara, kizazi husajiliwa ndani ya siku 90. Kenya ni ndani ya miezi sita. Ukivuka, unaingia katika usajili wa kuchelewa wenye vielelezo vingi na safari nyingi. Waliojifungulia Uingereza na Wales wana siku 42, Scotland siku 21 tu, yaani siku ileile ya mwisho ya akiba ya akika.

Nenda na jina lililoandikwa kwa herufi zilezile zitakazotumika maisha. Amueni leo kama ni Khadija au Hadija, Abdallah au Abdullah, Fatma au Fatuma. Mtoto anayeitwa hivi kwenye cheti na vile kwenye kadi ya kliniki atalipia kiapo mahakamani siku atakayoomba pasi ya kusafiria. Usiongeze jina la heshima la babu lililopendekezwa kwenye foleni. Isome karatasi kabla karani hajagonga muhuri.

## Ikiwa siku zote zimepita

Muda wa akika kwa Mashafii unaendelea mpaka mtoto anabaleghe. Mtoto wa miaka mitano unaweza kumfanyia mwezi ujao, siku yoyote, bila kusubiri iwe zidisho la saba. Akishabaleghe, jukumu linaondoka kwa baba, naye mwenyewe akipenda anajifanyia.

Wenye watoto kadhaa waliokosa wanaweza kushirikiana ng'ombe mmoja. Sehemu ya saba ya ng'ombe inasimama mahali pa mbuzi mmoja, hivyo ng'ombe anachukua hadi hisa saba, na ndugu wawili au watatu wanaweza kuchangia kwa ajili ya watoto wao. Hapa chagueni siku kwa urahisi wenu: Jumamosi ya likizo ya shule, mbali na Idd el-Hajj, mama wote wakiwa na afya. Ng'ombe awe ametimiza miaka miwili. Andikeni majina ya watoto na hisa ya kila mmoja kwenye karatasi, na mchinjaji aipate kabla ng'ombe hajalazwa.